Vitabu 41 vya Discworld: mlango wa kuingilia

Mtoto wa ndugu yangu alinikuta barazani Ijumaa moja baada ya swala, akanipa simu yake nitazame orodha ya vitabu. "Ami, hivi ni arubaini na kimoja. Nianze na kipi?" Nikamwambia aanze na cha nne au cha nane, na cha kwanza asikiguse kwa sasa. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa aingie nyumba ya watu kupitia dirishani. Tukakaa mpaka adhana ya alasiri, na niliyomweleza siku ile ndiyo haya. Nimeyapanga kwa hatua ili mwingine aliyeshika orodha kama ile asipotee.

Vitabu vyenyewe ni vya Discworld, kazi ya Mwingereza Terry Pratchett, aliyezaliwa 1948 na kufariki Machi 2015. Riwaya ya kwanza ilitoka 1983, ya mwisho ikatoka 2015 mwenyewe akiwa keshatangulia. Dunia yake imelala bapa kama sinia. Sinia hilo limebebwa na ndovu wanne, na ndovu wamesimama juu ya gamba la kasa anayeogelea polepole katikati ya nyota. Nasema kasa kwa makusudi: si kobe wa nchi kavu, ni huyu wa baharini anayepanda fukwe zetu usiku kutaga mayai. Kobe naye yumo, lakini katika kitabu kingine, na tutafika kwake.

Ni vitabu vya kuchekesha. Mimi nimecheka navyo ndani ya matatu mpaka jirani akaniuliza kuna nini. Ila chini ya kicheko kuna mtu aliyekasirishwa na dhuluma, na hasira ile ndiyo iliyonifanya nisiviache.

Hatua ya kwanza: sahau namba

Ukiona vitabu 41 vimepangwa kwa namba, akili inakwambia ni hadithi moja ndefu iliyokatwa vipande. Sivyo. Kila kimoja kina mwanzo na mwisho wake. Kinachoviunganisha ni mahali na watu. Anayehamia Kibokoni haanzi kwa kusimuliwa siku mtaa ulipojengwa. Anaanza na jirani wa mlango wa pili, kisha muuza mahamri wa pale pembeni, kisha yule mzee ambaye watoto wote wanamwogopa, na baada ya mwaka anajua nani ni shemeji wa nani. Discworld inasomwa hivyo. Mtu aliyekuwa mkubwa katika kitabu kimoja utamkuta anapita njia tu katika kingine, na ukimtambua unafurahi kama umekutana na mtu wa kwenu kituo cha basi Nairobi.

Mimi sikuambiwa haya. Nilinunua The Colour of Magic, cha 1983, kwa muuza vitabu vya mtumba njiani, kwa sababu kilikuwa namba moja. Nilifika nusu nikakiweka. Kwa miaka kadhaa nikaamini kwamba mwandishi huyu si wangu. Baadaye rafiki yangu, tukiwa kwenye foleni ya feri Likoni upande wa kisiwani, akanipa Guards! Guards! nipoteze wakati. Feri ya kwanza ikaondoka, ya pili ikaondoka, na rafiki yangu akabaki kunivuta shati.

Sababu ya kukwama kwangu naijua sasa. Vitabu viwili vya mwanzo vinatania riwaya za mashujaa wenye panga na mazimwi zilizokuwa zikisomwa Uingereza na Marekani wakati ule. Usipozijua hizo, utani mwingi unakupita juu ya kichwa. Zaidi ya hayo, Pratchett mwenyewe alikuwa bado anatafuta sauti yake. Mpaka 1987 alikuwa mwajiriwa, afisa wa habari wa shirika la umeme la huko kwao, akiandika baada ya kazi. Mwaka huo akaacha ajira. Mwaka huohuo ukatoka Mort, na kuanzia hapo kila ukurasa unahisi mkono uliotulia. Kutoka 1987 hadi 1992 alitoa riwaya mbili za Discworld kila mwaka, na mimi sioni kwamba haraka ile iliziumiza.

Hatua ya pili: chagua mlango wako

Wasomaji wamezoea kuvigawa vitabu hivi kwa koo, kulingana na nani yuko katikati ya hadithi. Chagua ukoo unaokugusa, kisha anza na kitabu chake cha mwanzo, au karibu na mwanzo. Nitakaa zaidi kwenye milango ninayoipenda.

Mlango wa askari wa zamu ya usiku. Huu ndio ninaowapa watu wengi wa Mombasa, na sijajuta bado. Anza na Guards! Guards! (1989), kile cha nane. Mji unaitwa Ankh-Morpork: mji wa bandari wenye mto mchafu, kila taifa na kila kabila, kila mtu ana biashara, na hata wezi wana chama chao halali kinachokuibia kisha kinakupa risiti. Mtu aliyelelewa baina ya Marikiti na Mwembe Tayari hahitaji kueleweshwa mji kama huu. Kikosi cha polisi wa usiku kimebaki watu watatu. Nahodha wao, Sam Vimes, amezama kwenye ulevi kwa sababu amejua kazi yake haina maana tena. Halafu anafika kijana mmoja, Carrot, binadamu mrefu aliyelelewa na mbilikimo mgodini, aliyesoma kitabu cha sheria na kukiamini. Mara tu anapoanza kazi anamkamata mkuu wa chama cha wezi, kwa kosa la wizi. Na usiku huohuo kuna watu wanaokutana gizani wakiita joka.

Pratchett aliandika kitabu hiki kwa ajili ya wale askari wasio na majina ambao katika kila hadithi huingia mbio sura ya tatu ili wauawe na shujaa. Hakuna anayewauliza kama wanataka. Yeye aliwauliza.

Ukimaliza hicho, nenda Men at Arms (1993), na humo utakutana na hesabu ya viatu. Vimes analipwa dola 38 kwa mwezi. Viatu vizuri vya ngozi ni dola 50, hana. Anavyoweza ni vya dola 10, ambavyo vinadumu msimu mmoja au miwili kisha soli inakuwa karatasi na maji yanaingia. Mwenye dola 50 anavaa vyake miaka kumi. Maskini katika miaka hiyo kumi ameshatumia dola 100, na miguu bado imelowa. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje. Sisi tunaijua hesabu hii kwa jina la kadogo: mafuta ya kupikia ya kupimiwa kwenye kikombe, sukari ya kufungiwa kwenye kijikaratasi, makaa ya mkebe mmoja. Mama anayenunua hivyo mwezi mzima amelipa zaidi kuliko jirani aliyebeba mtungi kutoka duka la jumla, na hana namna, kwa sababu leo mfukoni ana ya leo tu. Miaka yote nilikuwa nikiliona jambo hili dukani na sikuwahi kuliona limeandikwa wazi vile, tena ndani ya kitabu chenye majoka.

Baada ya hapo ukoo unaendelea: Feet of Clay (1996), Jingo (1997), The Fifth Elephant (1999), Night Watch (2002), Thud! (2005) na Snuff (2011). Ufuate kwa mpangilio huu, maana hapa watu wanakua, wanaoa, wanapandishwa vyeo. Katika Jingo kisiwa kinaibuka baharini katikati ya nchi mbili, wavuvi wa huku na wa kule wanakidai, na kabla ya mtu kufikiri vizuri watu wanapiga kelele za vita na wageni mjini wanaanza kutazamwa vibaya. Nikakumbuka Migingo, kile kijiwe cha Ziwa Victoria chenye mabati kutoka ukingo hadi ukingo, ambacho Kenya na Uganda zimekigombania. Kitabu kilitoka kabla ya ugomvi ule kushika moto, na mwandishi hakuwa na habari ya ziwa letu. Alikuwa anawajua binadamu.

Mlango wa Mauti. Anza na Mort (1987). Hiki ndicho kile cha nne nilichomtajia mtoto wa ndugu yangu. Kijana asiyefaa kwa kazi yoyote anapelekwa mnadani ambako mafundi huja kuchagua wanagenzi. Wenzake wote wanachukuliwa. Anabaki peke yake mpaka saa sita ya usiku, na anayekuja kumchukua ni Mauti mwenyewe, juu ya farasi mweupe, anatafuta mwanafunzi wa kazi.

Najua kwetu mauti hayatajwi ovyo, na sisi tuna imani yetu juu ya anayekuja kuchukua roho. Huyu wa kitabuni si mfano wa yule. Ni mhusika wa hadithi: mifupa mitupu ndani ya joho jeusi, mpole, anapenda paka, anawaonea ajabu wanadamu kwa namna wanavyojisumbua. Haui mtu. Anafika tu wakati unapofika. Kuna wasomaji waliokuwa karibu na mwisho wao waliomwandikia Pratchett kumwambia kwamba wanatumaini Mauti atakuwa kama wake, na alisema barua hizo zilimwacha akitazama ukuta kwa muda mrefu.

Reaper Man (1991), kinachofuata, nilikisoma mwaka wa msiba wa mama yangu, usiku, baada ya watu wa hitima kwenda zao. Mauti anaachishwa kazi na kwenda kuvuna ngano kwenye shamba la mwanamke mzee. Sitasema zaidi. Vilivyobaki katika ukoo huu ni Soul Music (1994), Hogfather (1996) na Thief of Time (2001).

Mlango wa wanawake wa milimani. Hapa lazima nizungumze juu ya neno. Kwa Kiingereza wanaitwa kwa jina ambalo kamusi italigeuza kuwa "wachawi", na ukiingia na neno hilo kichwani utasoma kitabu kingine kabisa. Mchawi wetu ni mtu wa shari. Granny Weatherwax na mwenzake Nanny Ogg ni wakunga. Wanazalisha, wanakaa na wagonjwa wasioweza kupona, wanaosha maiti, wanasuluhisha ndoa, wanajua mizizi. Wanaogopwa kama anavyoogopwa bi mkubwa wa mtaa ambaye hakuna harusi inayofungwa bila yeye kuulizwa. Granny ana nguvu nyingi na muda mwingi anajizuia kuzitumia. Sijakutana na mwanamke katika riwaya yoyote ninayemheshimu zaidi yake.

Kitabu cha kwanza cha Granny ni Equal Rites (1987), lakini ushauri wangu ni uanze na Wyrd Sisters (1988), kwani hapo ndipo wanakuwa watatu na hadithi inashika. Kama ulisoma Macbeth ya Shakespeare shuleni, utakutana nayo imepinduliwa miguu juu. Kisha Witches Abroad (1991), Lords and Ladies (1992), Maskerade (1995), Carpe Jugulum (1998).

Mlango wa vijana. Kama msomaji ni wa darasa la saba hivi au kidato cha kwanza, mpe The Wee Free Men (2003). Tiffany Aching ana miaka tisa, ni mtoto wa wafuga kondoo, na mdogo wake wa kiume anaibwa na malkia wa jamii ya majini. Anaondoka kumfuata akiwa na kikaango mkononi. Hivi vina sura na Kiingereza chepesi zaidi, isipokuwa usemi wa vile vijitu vya buluu vinavyomsaidia, ambavyo vinaongea lafudhi ya Uskoti. Vikikushinda, soma kwa sauti. Sikio litaelewa kile ambacho jicho limekataa. Viko vitano, na cha tano, The Shepherd's Crown, ndicho cha mwisho kabisa cha Discworld, kwa hiyo usikirukie kabla ya vingine. Kuna pia The Amazing Maurice (2001), cha paka na panya wanaozungumza, kilichopata medali ya Carnegie, ambacho mtoto anaweza kukisoma peke yake bila kujua chochote kingine.

Mlango wa posta. Going Postal (2004): tapeli aliyehukumiwa kunyongwa anapewa nafasi ya pili, afufue posta iliyokufa, ambayo barua zisizopelekwa zimejaa mpaka darini. Wakubwa waliowahi kungoja barua kupitia sanduku la posta la shule au la duka la Mhindi watakisikia zaidi. Kinachofuata, Making Money, kinahusu benki na pesa za karatasi: je, pesa ni dhahabu, au ni kuaminiana tu? Kilitoka Septemba 2007, na Machi ya mwaka huohuo M-Pesa ilikuwa imeanza hapa Kenya. Wakati wasomaji wa kule wanalisoma swali hilo kama fantasia, mama wa viazi karai hapa kwetu alikuwa anaanza kulijibu kwa simu yake.

Viko vingine visivyo na ukoo, kama The Truth (2000) kuhusu gazeti la kwanza la mji, na Monstrous Regiment (2003) kuhusu msichana anayejifanya mvulana ili aingie jeshini. Hivyo uvichukue unavyovikuta.

Hatua ya tatu: pata kitabu

Vitabu hivi viko kwa Kiingereza, na hapa mjini njia ya kwanza ya mtu wa kipato cha kawaida ni mtumba. Kwenye mafungu ya wauzaji wa kando ya barabara, katikati ya vitabu vya shule na riwaya za mapenzi, Discworld ya zamani inajulikana kwa jalada: rangi kali, watu wamebanana kama abiria wa matatu ya jioni, kila mmoja anafanya lake. Majalada hayo ni ya msanii Josh Kirby, aliyefariki 2001. Baada yake alishika Paul Kidby, na ya kwake yana giza zaidi na sura za watu zimetulia. Hakikisha neno Discworld limeandikwa kwenye jalada, maana Pratchett aliandika na vitabu vingine visivyo vya dunia hii, na jina lake pekee halitoshi.

Kabla ya kulipa, fungua katikati na uvute ukurasa kidogo. Hewa yetu ya chumvi na unyevu haina huruma na gundi ya vitabu vya zamani, na si mara moja nimefika nyumbani na kurasa thelathini zikabaki mkononi. Ukishanunua, kianike kwenye jua la asubuhi kwa siku mbili, si la mchana, kisha kiweke mbali na ukuta. Muachie muuzaji namba yako na jina la mwandishi limeandikwa kwenye karatasi. Wauzaji wetu wana kumbukumbu nzuri kwa mteja anayerudi.

Maktaba ya umma hapa Mombasa inafaa kuulizwa pia, na wakikosa, waombe waandike kwenye daftari la maombi. Kwa simu, vitabu vyote 41 vinanunuliwa kama vitabu vya kielektroniki. Vya kusikiliza vipo, na tangu 2022 vimerekodiwa upya: Bill Nighy anasoma tanbihi zote, na Peter Serafinowicz ndiye sauti ya Mauti. Kwa dereva, au kwa fundi ambaye mikono yake ina kazi siku nzima, hii ndiyo njia bora, na utani wa Pratchett umeandikwa kama mtu anayesimulia, kwa hiyo haupotezi kitu ukisikilizwa.

Hatua ya nne: jinsi ya kuvisoma

Vingi havina sura. Hadithi inakwenda tu, na mapumziko ni nafasi tupu kati ya aya. Kama una mazoea ya kusoma "mpaka mwisho wa sura" kabla ya kulala, utapambazukiwa. Simama kwenye nafasi tupu yoyote.

Tanbihi usiziruke. Katika vitabu vingine ziko chini ya ukurasa kwa ajili ya wasomi. Hapa ni kama mtu wa pembeni barazani anayeinamia sikio lako kukwambia jambo wakati mzungumzaji anaendelea. Utani mzuri kupita yote mara nyingi uko humo. Kwenye simu, gusa alama, soma, kisha rudi, hata kama inachosha.

Maneno yakiwa kwa herufi kubwa tupu bila alama za kunukuu, anayesema ni Mauti. Hakuna atakayekuambia amefika, na ndivyo ilivyokusudiwa. Ukikuta Kiingereza kimeandikwa vibaya, kama kwenye barua za Carrot kwa wazazi wake, si kosa la mchapaji. Ndivyo mhusika anavyoandika. Majina mengi yana mchezo wa maneno ndani yake, na baadhi hutayashika. Mimi nimesoma Guards! Guards! mara nne na bado mara ya nne nilikuta kicheko kilichokuwa kimejificha. Usisimame kutafuta kila neno kwenye kamusi. Tafuta lile tu ambalo bila yake hujui nani amefanya nini.

Jipe kurasa 60. Zikiisha na hujali nini kitampata yeyote humo, funga na ujaribu mlango mwingine, si mwandishi mwingine. Mke wa rafiki yangu yule wa feri alikataa askari kabisa, na Granny Weatherwax akamshika siku ya kwanza.

Hatua ya tano: vya kungoja

Watu watakuambia Night Watch ndicho kitabu bora cha mfululizo mzima, na huenda ni kweli. Wapenzi wake huvaa ua la zambarau kila tarehe 25 Mei kwa ajili ya jambo lililomo ndani yake. Lakini uzito wake wote unategemea kwamba umeishi na Vimes tangu alipokuwa amelala mtaroni. Ukikianza bila hayo utasoma hadithi nzuri ya mtu usiyemjua, na nafasi ya kukisoma mara ya kwanza hairudi. Kingoje.

Small Gods (1992) kinasimama peke yake na wengi hukitoa kama mlango wa kwanza. Ndani yake yumo yule kobe: mungu wa taifa moja kubwa ameshuka duniani akajikuta ni kobe mdogo, kwa sababu katika maelfu wanaosali, amebaki mmoja tu anayeamini kwa dhati. Wengine wote wanaamini hekalu, na kuliogopa. Mimi nakipenda sana, lakini kwa msomaji aliyelelewa kama nilivyolelewa, naomba asome vingine viwili vya Pratchett kwanza. Akishamzoea ataona kwamba anayeshambuliwa si mcha Mungu. Kijana anayeamini, Brutha, ndiye mtu mwema kupita wote humo. Wanaoshambuliwa ni wale wanaotesa watu kwa jina la imani. Barazani kwetu tulikijadili kitabu hiki wiki tatu mfululizo, na mzee mmoja ambaye hakukisoma, bali alisimuliwa tu, ndiye aliyekielewa kuliko sote.

Raising Steam (2013) nacho kisubiri. Ni cha reli ya kwanza, na kwa mtu wa mji ambao reli ya Uganda ilianzia 1896 kinavutia kwa jina. Ila Pratchett alikuwa mgonjwa. Desemba 2007 alitangaza kwamba ana aina ya ugonjwa wa Alzheimer, na vitabu vya mwisho aliviandika kwa kuamuru kwa sauti. Sentensi zimekuwa ndefu, watu wanahutubia. Ukivifikia baada ya vingine utavisoma kwa upendo, kama unavyomsikiliza mzee uliyemjua akiwa na nguvu zake.

Hatua ya sita: rudi kwenye cha kwanza

Ukishasoma kama kumi, sasa chukua The Colour of Magic, na chake cha pili, The Light Fantastic (1986), kinachoendeleza hadithi hiyohiyo. Huu ndio ukoo wa Rincewind, mwanafunzi wa uchawi aliyeshindwa masomo ambaye kipaji chake pekee ni kukimbia. Kile nilichokiona kavu nikiwa kijana, niliporudi kilikuwa kinanizungumzia mimi na mji wangu. Anashuka melini mtu wa kutoka nchi ya mbali, Twoflower, mtalii wa kwanza kuonekana katika dunia ile. Ana miwani, ana kijitabu cha maneno ya lugha ya wenyeji, ana kisanduku cha kupigia picha, na hajui kwamba dhahabu aliyobeba inatosha kununua mtaa. Nyuma yake linatembea kasha la mbao lenye miguu chungu nzima, linalomfuata popote na kumtafuna anayemgusa. Kila kinachoweza kumuua, yeye anakiona kizuri. Na Rincewind, asiyetaka, anajikuta ndiye anayemtembeza.

Nimekaa Mombasa miaka yangu yote. Nimewaona wakishuka melini pale Kilindini asubuhi na kofia zao mpya, na nimewaona vijana wetu wakiwangoja langoni, kila mmoja na lugha tatu za kuokoteza. Ukifika ule ukurasa ambao Twoflower anamweleza mwenye hoteli maana ya bima, na mwenye hoteli anaanza kuitazama nyumba yake ya mbao kwa jicho jipya, weka kikombe cha kahawa chini kwanza.